Marbury alinyimwa hati yake, sasa mahakama ilishinda nini?

Mwl_Masasi: Wadau, shikamooni wakubwa. Kidato cha sita huku Masasi wana mdahalo kuhusu chimbuko la mahakama kubatilisha sheria. Wanakwama palepale: katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya 1803, Marbury alitoka mikono mitupu, halafu tunaambiwa Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyopata nguvu. Na ugomvi wa vyama unaingiaje?

Mzee_Mikindani: Marahaba mwalimu. Wape tarehe kwanza. Uchaguzi wa 1800: Rais Adams wa Wafederalisti kura 65, Jefferson na Burr, wote Warepublikani (chama cha Jefferson cha enzi hizo, si kile cha leo), 73 kila mmoja. Sare yao ilivunjwa Baraza la Wawakilishi tarehe 17 Februari 1801, duru ya 36. Siku nne kabla, Wafederalisti waliokuwa wanafunga virago walipitisha sheria ya kuanzisha nafasi 16 za majaji wa mahakama za mzunguko. Ikafuata nyingine, Adams akateua mahakimu wa amani (wa mambo madogo) 42 wa Wilaya ya Columbia, yaani eneo la mji mkuu Washington. Hati zao za uteuzi zikapigwa muhuri, ila baadhi hazikuwafikia wenyewe, na Marbury alikuwa mmoja wao. Aliyepaswa kuzipeleka ni John Marshall, Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye wakati huohuo alikuwa Jaji Mkuu! Jefferson akaingia madarakani Machi 4, akazuia zilizobaki.

wakili_lindi: Hapo ndipo wanafunzi wanapoteleza. Marbury hakushindwa kwa sababu hakuwa na haki. Marshall aliuliza maswali matatu: ana haki ya hati? Ndiyo. Sheria inampa nafuu? Ndiyo. Mahakama hii inaweza kutoa amri ya kumlazimisha Madison, Waziri wa Mambo ya Nje wa Jefferson, aitoe hati? Hapana. Kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya 1789 kilisomwa kuwa kinaruhusu kesi hiyo ianzie Mahakama ya Juu, wakati Ibara ya III ya Katiba inataja kesi chache tu za kuanzia pale. Kifungu kikawa batili, na hapo ndipo mahakama ilipojipatia nguvu: ilibatilisha sheria ya Bunge.

Kwa mfano wa kwetu, ni kama mtu wa Nachingwea apeleke mgogoro wa mpaka wa mikorosho moja kwa moja Mahakama ya Rufani. Anaweza kuwa na haki yote, lakini mlango si huo.

Angalia mpangilio. Kwa kawaida jaji huanza na swali la mamlaka. Marshall aliliweka mwisho makusudi. Angeanza nalo, asingepata nafasi ya kumsema Jefferson. Na angetoa amri, Madison angeipuuza na mahakama ingeaibika. Kwa kuwa hakuamriwa mtu kitu, Jefferson hakuwa na cha kukataa.

Mwl_Masasi: Kumbe! Na wale majaji 16?

wakili_lindi: Warepublikani waliifuta ile sheria Machi 1802, kisha wakaahirisha vikao, mahakama isikae hadi Februari 1803. Marbury ikaamuliwa tarehe 24 mwezi huo. Siku sita baadaye, kesi ya Stuart na Laird, mahakama ikakubali ule ufutaji. Kwa hiyo majaji wale hawakurudi.

Mzee_Mikindani: Nyongeza: wasiseme Marshall alibuni wazo. Hamilton, mmoja wa waliotetea Katiba mpya, alilitetea 1788, na mwaka 1796 mahakama ilipima kodi ya magari ya farasi dhidi ya Katiba, ikaiacha isimame. Upya wa 1803 ni kubatilisha sheria ya Bunge. Tukio la pili lilikuja 1857, kesi ya Dred Scott, iliyosema watu weusi hawawezi kuwa raia, na lile ni la aibu. Upande wa upinzani wataliibua tu, waandalie jibu.