Filamu au dijitali safarini?

Swali: Ninaposafiri hubeba kamera mbili, moja ya dijitali na nyingine ya filamu ya milimita 35, ambayo mkanda wake hutoa picha 36 tu. Safari iliyopita, filamu zangu za ISO 800 (zinazopokea mwanga kwa wepesi mkubwa) ziliposafishwa zilitoka na michirizi ya ukungu iliyokatiza hata nyuso za watu. Je, wenzangu huzilindaje kwenye uwanja wa ndege?

Jibu la 1: Pole sana. Mashine mpya za ukaguzi za CT, zinazotumia eksirei, zinaweza kuharibu filamu ambayo haijasafishwa hata ikipita mara moja, kwa hiyo zitie katika mfuko unaoonyesha vilivyomo, kisha uombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono. Kwenye mizigo ya chini ya ndege usiziweke kamwe.

Jibu la 2: Naongezea kwamba mimi hupima mwanga kwa dijitali kwanza, ingawa filamu ya negativu ya rangi (ile ambayo rangi zake hutoka zimegeuzwa) huvumilia mwanga uliozidi, ilhali dijitali hugeuza mawingu kuwa meupe pe, yasiyookoleka.

Muulizaji: Ahsanteni. Basi kosa ni langu, maana nilizifungia katika sanduku kubwa lililokwenda na mizigo ya chini ya ndege.