Mayai, karanga, dagaa au matobolwa: kipi kinafaa kibanda umiza?

Jabali la Igogo (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Kuna jambo linanikereketa tangu Januari 4, 2026, na sina pa kulitolea, maana nyumbani wameshanichoka. Siku ile Taifa Stars wanacheza na Moroko kule Rabat, hatua ya 16 bora, mara yetu ya kwanza kuvuka makundi AFCON tangu tuanze kuhudhuria mwaka 1980. Tumevuka na pointi 2, hatujashinda hata mechi moja, lakini tumevuka. Aliyevuka mto haulizwi kama alipita darajani au alishika mkia wa ng'ombe.

Nimelipa buku langu kibanda umiza, lile banda la kutazama mpira kwenye runinga, nimebanwa kwenye benchi la mbao kama dagaa guniani, mbele yangu kuna mwamba kavaa kofia ya pama. Kipindi cha pili, bado 0-0, na tunacheza mpira unaoeleweka. Hapo njaa ikaniingia. Kijana wa mayai akapita, nikachukua mawili. La kwanza likamenyeka vizuri. La pili, wakuu, ganda lilikuwa limegandia kama plasta ya ukuta. Nikawa nalibandua kwa kucha, kipande kimoja kimoja, kila kipande kinaondoka na ute wake. Macho yote chini.

Ghafla kibanda kikanyamaza.

Wenyeji wa vibanda umiza mnajua: kelele haina shida, kimya ndiyo msiba. Kuinua kichwa, Brahim Díaz anashangilia. Nikasema sawa, kuna marudio. Marudio yanaanza, mwenye pama kasimama. Mpaka leo goli lililotutoa AFCON mimi nimesimuliwa tu, tena na watu watano, na kila mmoja ana goli lake.

Tangu hapo nimekuwa nafanya utafiti wangu mdogo hapa Mwanza: mtu akiwa kibandani ale nini? Nimeangalia kama kitu kinaiba macho, kama kinalika kwa mkono mmoja (mwingine unahitajika kumshika jirani begani), na kama kinafika dakika ya 90.

Mayai nimeshayatolea hukumu. Ladha haina ugomvi, ile kachumbari na pilipili ya chupa hata ukiwa na mafua unapona. Ila yai linataka uliangalie. Yai ni kama mtoto mchanga.

Karanga ziko vizuri machoni. Unaingiza kidole kwenye kikaratasi, unatoa, unatafuna, hujapoteza hata pasi moja. Tatizo la kwanza zinaisha haraka, dakika ya 20 unatikisa karatasi tupu. La pili ni ile karatasi yenyewe. Wanafungia kwenye kurasa za madaftari ya shule, na mimi nikiona maandishi lazima nisome. Juzi nimekosa kona mbili nikiangalia hesabu za mtoto wa watu. Kapewa 3 kwa 10, na moja kati ya zile alizokoseshwa mimi naona alipata.

Dagaa wa kukaanga na ndimu, utamu haupingiki. Lakini mkono unanuka hadi kesho yake, goli likiingia ukamkumbatia mtu, shati lake ni ushahidi. Na wale niliokula mimi walikuwa na mchanga.

Bisi sizizungumzii. Bisi ni za mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mto.

Mshindi wangu ni matobolwa. Kwa wasiotoka kanda hii: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu. Msichanganye na michembe, hiyo inakatwa na kuanikwa mbichi, lazima uipike. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo. Mama yangu alikuwa anaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba, jiwe likishapata moto linakausha juu na chini kwa mpigo, na kazi yangu ilikuwa kulinda mbuzi wasile. Mbuzi hawakula. Nilikula mimi. Kipande kimoja unakiweka shavuni kinalainika taratibu, vipande sita vinakupeleka mpaka matuta ya penalti, mfukoni havipondeki, havina ganda, havina harufu.

Karibuni mnipinge.

Msema Chochote

Uzi wa mayai bila picha ya yai ni chai.

Mama Dagaa Mwaloni

Mwanangu Jabali, nimesoma nimecheka, lakini dagaa wangu umewaonea.

Unajua Januari 4 ilikuwa siku gani? Mwezi umepevuka tarehe 3. Dagaa wanavuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wakishajikusanya ndiyo nyavu inafanya kazi. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima ni taa, nani atasogelea taa yako? Kwa hiyo siku hizo mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu, wanalala, wanaenda kuangalia mpira. Ndiyo maana ulibanwa. Nusu ya benchi lako walikuwa wavuvi, na wawili watatu kati yao nawadai.

Sasa dagaa uliouziwa siku hiyo walitoka wapi? Ni wa akiba, wamerudishwa kwenye mafuta mara ya pili wapate kung'aa. Na hao wa mchanga ni wale wanaoanikwa chini ufukweni. Wa kwenye chanja hawana mchanga. Bei inapishana, na wewe nakufahamu aina yako, ulichagua bei.

Njoo giza likirudi. Harufu ya mkono paka ndimu, halafu majivu, halafu sabuni. Ukianza na sabuni umeifungia ndani.

Mkeka Umechanika

Mimi kibandani sili kitu. Roho iko juu. Siku ile nilikuwa nimebeti sare hadi mapumziko nikapata, nikaongeza sare hadi mwisho. Mengine mnayajua.

Konda Mstaafu

Heshima kwenu wakuu. Jabali hajakosea kuhusu yai, ila sababu yake siyo.

Nimepiga kazi njia ya Sengerema miaka mingi. Kabla ya daraja la Kigongo-Busisi, burudani kubwa kuliko zote kanda hii haikuwa mpira, ilikuwa foleni ya kivuko pale Kigongo. Gari inafika, inazima injini, na kuanzia hapo mwenye kauli ni kivuko. Abiria wanashuka. Mahindi ya kuchoma, mayai, miwa iliyokatwa vipande, samaki wa kukaanga kwenye sinia. Mtu anamenya yai lake kwa utulivu, anasimulia kesi ya shamba, anamaliza yai, kesi haijaisha, kivuko hakijaja. Nimeona uchumba ukianzia kwenye foleni ile, na kwa macho yangu nimeona mmoja umevunjikia pale pale, kivuko kikiwa kinakaribia.

Daraja limefunguliwa Juni 19, 2025. Kilomita 3 hivi juu ya maji, zuri, mimi mwenyewe nimelipita mara tatu bila safari yoyote, naenda tu narudi. Wagonjwa wanavuka usiku bila kusubiri mtu, hilo halina mjadala. Lakini yai limekosa pa kuliwa. Ukianza kumenya Kigongo, Busisi hii hapa, ganda bado liko mkononi na konda anakuangalia.

Kwa hiyo yai ni chakula cha kusubiri. Wewe Jabali ulilila mahali pa kutazama. Hapo ndipo ulipokosea, usilisingizie yai.

Bint Nansio

Konda, huo uchumba uliovunjika tunaomba uzi wake.

Nshomile wa Kemondo

Nimesikitika. Utafiti mzima wa vitafunwa vya kanda ya ziwa na neno senene halimo. Huu tunauitaje utafiti?

Senene hawana ganda (mabawa na miguu tumeshakutolea), hawana mchanga, hawahitaji hata mafuta mengi, wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mmoja mmoja unamtupia mdomoni, macho kwenye kioo. Msimu ni Novemba na Desemba, kisha Aprili na Mei. AFCON ya Moroko imeanza Desemba 21. Naona hata waliopanga ratiba walishauriwa na Mhaya.

Jabali la Igogo

Mkuu Nshomile, senene nawajua, shemeji yangu huwa ananiletea kwa MV Victoria, kopo dogo limefungwa na mifuko minne kana kwamba kuna dhahabu. Shida yao siyo ladha, shida ni majirani. Ukifungua karanga kibandani hakuna anayegeuka. Ukifungua senene, mikono inakuja kutoka benchi la nyuma, ya watu ambao hata salamu hamjapeana. Na kwa bei ya kopo lile nalipia kiingilio ligi nzima.

Mama Dagaa, wabeja sana. Kuhusu kuchagua bei, sina la kujitetea.

Jirani wa Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Hawa mnaowaita dagaa sisi ni omena, Waganda wanasema mukene, na samaki mwenyewe hajui amevuka mpaka.

Sisi CHAN ya Agosti 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, tulitolewa robo fainali na Madagaska kwa penalti, hapo hapo kwetu Kasarani. Nilikuwa na njugu karanga. Zimeisha dakika ya 90, muda wa nyongeza nimekula ganda za njugu nikidhani ni njugu, penalti nimekula kucha. Sasa 2027 AFCON inakuja kwetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania, na mimi nataka kujua hayo matobolwa yanafika Kisumu kwa njia gani.

Fundi Kisimbuzi

Naomba niseme kitu kama mtu ninayeingia vibanda vingi kwa kazi. Jabali ameficha jambo moja. Viazi ni viazi, hata uvikaushe juu ya jiwe miaka saba. Kibanda ni mabati juu, mabati pembeni, dirisha hakuna, watu themanini. Halafu wewe unashauri watu wote watafune matobolwa na wengine washushie karanga. Juma lililopita nimepanda juu ya paa kurekebisha dishi wakati mechi inaendelea. Ile hewa iliyokuwa inatoka kwenye upenyo wa bati niliipokea mimi.

Msema Chochote

Mwenye picha ya paa atupie.

Bint Nansio

Sasa nije kwenye hoja, maana naona kaka zangu mnazunguka.

Kaka Jabali, rudia kusoma ulichoandika. Kibanda kizima waliliona lile goli. Wanalala nalo, wanaamka nalo. Mume wangu ni mmoja wao. Wiki nzima alikuwa anakatisha kula ananionyesha kwa vijiko na chumvi jinsi beki alivyosimama. Wewe hukuliona. Ulikuwa na yai lako, umetulia, ulipoinua kichwa mambo yameshaisha, kama mtu aliyepewa nusu kaputi. Na unakuja hapa kulalamika?

Nikuulize jingine. Agosti 22, CHAN, robo fainali, kwa Mkapa. Moroko hao hao, 1-0 hiyo hiyo. Siku ile ulikuwa unakula nini?

Jabali la Igogo

Karanga.

Bint Nansio

Na goli uliliona?

Jabali la Igogo

Niliona kila kitu. Mpira ulivyoanzia, nani alichelewa, nani alinyoosha mkono kudai siyo yeye. Hata sasa nikifumba macho lipo.

Konda Mstaafu

Kesi imekwisha.

Mkeka Umechanika

Ndiyo maana mimi sili.

Mama Dagaa Mwaloni

Bint Nansio, huyo mumeo mwenye vijiko na chumvi si ndiye yule mwenye mtumbwi wa bluu? Mwambie mwezi umeshazama, aje tuongee lile deni.

Jabali la Igogo

Wakuu, msimamo wangu nauboresha kidogo. Matobolwa yanabaki kwa mechi za wengine, zile za Ulaya ambazo hata wakifungwa saba mimi nalala. Fundi Kisimbuzi nitakuwa nakupigia kabla, ushuke juu ya paa.

Tukipangwa tena na Moroko, naingia na trei nzima.