Mrejesho: Muuzaji wa nyumba ya Njiro anayedaiwa kutapeli

Wakuu, niliuliza muuzaji ajiteteeje pale mnunuzi anapodai alifichwa kwamba ukuta wa nyumba ya Njiro, Arusha, umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Asanteni sana. Bei inazidi milioni 300, hivyo shauri liko Mahakama Kuu, si Baraza la Ardhi, na utetezi umewasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea wito.

Kosa la rasimu ya kwanza ya utetezi lilikuwa kukana kwa jumla. Dai usilolikana moja moja huhesabiwa umelikubali, kwa hiyo kila aya ya madai imejibiwa kivyake. Halafu tukabana hapa: anayedai ulaghai lazima aeleze nani alisema nini, lini na wapi. Hati ya madai ya mnunuzi inasema tu "nilidanganywa". Na mzigo wa kuthibitisha ulaghai ni mzito kuliko wa madai ya kawaida.

Kilichotubeba zaidi ni ramani ya upimaji. Mstari wa barabara unakatiza ukuta waziwazi, na saini ya mnunuzi ipo pembeni, tarehe ikiitangulia ya mkataba. Mtu aliyeonyeshwa hivyo hawezi kusema kirahisi alifichwa.

Meseji za WhatsApp zinahitaji kiapo kinachoeleza simu iliyotumika na zilivyochapishwa, la sivyo zitapingwa. Mkataba nao ukaguliwe ushuru wa stempu mapema. Ushuru usipolipwa, mkataba haupokelewi mahakamani kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Usuluhishi haujaanza.