London wakati wa Krismasi: mwanamke ukiwa peke yako unalipishwa cha watu wawili, kisha unaambiwa ujihadhari

Wakuu, salaam. Nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivi hivi, maana nikisubiri zipoe nitaishia kusema "ndiyo maisha" kama wengi walionitangulia.

Nazungumzia London mwezi wa Desemba na namna jiji lile linavyomtendea mwanamke aliyeingia peke yake. Linamwita kwa mataa ya Regent Street na matangazo ya kila aina, linachukua pesa yake, halafu ikifika tarehe 24 jioni kila mlango unafungwa na yeye anabaki na ushauri mmoja tu: jihadhari. Nilikwenda kwa pesa yangu na kwa mpango wangu. Sikuwa nimeachwa na mtu, sikuwa nakimbia mtu, wala simsubiri mtu. Nayasema haya mapema kwa sababu kila niliyekutana naye alitaka kujua ni lipi kati ya hayo matatu.

Nianze na hoteli.

Nimefika usiku. Nyuma yangu kwenye foleni ya mapokezi kuna kundi la wanaume waliotoka kwenye sherehe ya ofisi, wamelewa, wanacheka kwa sauti. Mhudumu ananiuliza, na si kwa kunong'ona, "Uko peke yako?" Nikajibu ndiyo. Akauliza tena, "Hakuna mwingine atakayekuja baadaye?" Nikasema hapana. Kisha akataja namba ya chumba changu, akataja ghorofa, akaelekeza kwa mkono ukitoka kwenye lifti ushike upande gani. Watu wote wanasikia! Kwa nusu dakika mtu yule amewatangazia wanaume wasionijua kwamba nalala peke yangu, wapi, na hakuna atakayekuja.

Nikamwomba anipe chumba kingine na safari hii aandike namba kwenye karatasi. Jibu: hoteli imejaa, ni Krismasi, na hapa ni salama. Salama kwa nani? Kufika chumbani komeo la ndani limelegea, skrubu moja haipo. Nimelala baada ya kusukuma meza mpaka mlangoni. Asubuhi nikaomba kuonana na meneja, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia hawajawahi kupata malalamiko ya aina hiyo. Kwa hiyo mimi ndiye tatizo jipya.

Ndugu zangu, jambo hili halihitaji bajeti. Mhudumu anaandika namba kwenye ile bahasha ndogo ya kadi ya mlango, anamwonyesha mgeni kwa kidole, basi. Hoteli nyingi duniani zinafanya hivyo na mfanyakazi anafundishwa siku ya kwanza kazini. Asiyefanya hivyo hajakosa uwezo. Hajamfikiria mwanamke anayelala peke yake, ingawa pesa ya mwanamke huyo ameihesabu vizuri sana.

Na pesa yenyewe ni nyingi. Bei mnazoziona kwenye vifurushi vya Krismasi hupigwa kwa kila mtu, lakini kwa hesabu ya watu wawili wanaolala chumba kimoja. Ukienda mmoja unaongezewa ada ya kuwa mmoja. Kitanda kile kile, taulo zile zile tena moja haikuguswa, kifungua kinywa cha mdomo mmoja, lakini unalipa karibu na wanacholipa wawili. Nimejaribu kulielewa hili kibiashara, na naelewa kwamba chumba ni chumba. Basi waniuzie chumba kwa jina la chumba. Wasinitozee upweke ambao hata sinao.

Mkahawa ndio ulionikata kabisa. Chakula cha mchana cha Krismasi kule si cha kuingia tu na kukaa. Menyu imepangwa, nafasi inawekwa mapema, na sehemu nyingi unalipa kabla. Nikafanya kila kitu kwa wakati. Nikafungua fomu ya mtandaoni, kwenye idadi ya wageni inaanzia 2. Hakuna 1. Nikajaribu pengine, vivyo hivyo. Nikapiga simu. Dada aliyepokea aliongea kwa upole tu, akanieleza kwamba siku hiyo wanapokea kuanzia watu wawili, ila nikipenda naweza kulipia viti viwili. Yaani nile mbele ya sahani tupu niliyoigharamia. Nikamwambia nitakaa hata kaunta, hata kwenye kona, nitamaliza haraka. Akasema siku hiyo ni ya familia.

Hilo neno lake limenikaa kifuani mpaka leo. Mimi nina familia. Nina mama, nina wadogo zangu, nina watoto wa ndugu zangu wanaoniita mama. Kuwa mbali nao siku moja hakunifanyi mtu pungufu ambaye hafai kuonekana mezani.

Sasa usafiri, na hapa wanaopanga kwenda wasome polepole. Tarehe 25 Desemba London hakuna treni za chini ya ardhi. Hakuna mabasi ya jiji. Hakuna treni za reli ya kawaida. Sisemi zimepungua, nasema hakuna. Tarehe 24 usiku treni zinamalizika mapema kuliko kawaida, na tarehe 26 usafiri unarudi kwa kuchechemea huku baadhi ya njia za reli zikiwa bado zimefungwa. New York treni zao za chini ya ardhi zinatembea saa 24 hata siku ya Krismasi, na metro ya Paris inafanya kazi siku hiyo. London, jiji la ukubwa ule, linasimama.

Sigombani na madereva. Wana watoto, wapumzike na wale na watu wao, tena wengi wamefanya kazi Desemba nzima wakihudumia walevi. Ninaogombana nao ni wale wanaouza chumba cha Krismasi nje kidogo ya jiji na kuandika kwa herufi kubwa kwamba ni dakika 15 kwa treni hadi katikati, bila kutia neno moja kwamba siku yenyewe unayoinunua treni hiyo haipo. Wanajua. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Wananyamaza kwa sababu wakisema utachagua hoteli nyingine.

Kwa watu wanne ndani ya gari hili ni kero tu, wanachangishana teksi. Kwa mwanamke mmoja ni gharama yote juu yake, siku ambayo teksi ni chache na bei zimepanda, na ni hatari pia. Kisheria kule ni teksi zile nyeusi pekee zinazoruhusiwa kukuchukua ukizipungia mkono barabarani. Gari nyingine yoyote ya kukodi lazima iwe imeagizwa kupitia kampuni yenye leseni. Sasa simama kwenye barabara tupu tarehe 24 usiku uone magari binafsi yanavyopunguza mwendo, kioo kinashushwa, mwanaume anauliza unaelekea wapi, atakufikisha. Dada zangu, usipande. Hata kama baridi inakukata, hata kama anaonekana mstaarabu.

Halafu watu hao hao wa hoteli wananipa karatasi ya usalama inayosema niepuke kutembea peke yangu gizani. Mnajua Desemba London jua linazama saa ngapi? Kabla ya saa kumi jioni! Na linachomoza baada ya saa mbili asubuhi. Nikifuata ushauri wao nitakuwa nje saa zisizofika nane kwa siku, kisha nirudi chumbani nikae na komeo lililolegea. Taa wanazozitangaza zinawashwa kwa ajili ya giza. Nyimbo za Krismasi pale Trafalgar Square, uwanja wa wazi katikati ya jiji, zinaimbwa jioni. Huwezi kuniuzia usiku halafu ukanikataza usiku.

Pale Trafalgar Square ndipo nilipofuatwa. Kuna mti mkubwa wa Krismasi ambao Norway huwapelekea Waingereza kila mwaka tangu 1947, shukrani kwa msaada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa naupenda tangu nasoma habari zake, na nilisimama pale nasikiliza kwaya. Mwanaume akaja kusimama karibu. Nikasogea, akasogea. Akaanza: mrembo, mbona peke yako Krismasi, hakuna mtu anayekupenda? Nikaondoka, akanifuata huku akiongea. Nikaingia dukani, akasimama nje kusubiri. Nikazunguka kutafuta mlango mwingine, nikatoka, nikatembea haraka nikijifanya naongea na simu. Watu walikuwa wengi kiasi cha kukanyagana na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mwanaume anayemfuata mwanamke huku akitabasamu hudhaniwa ni mume wake.

Jioni nyingine, baa. Kule kuna utaratibu unaoitwa Ask for Angela, ulianzia Lincolnshire, jimbo la mashariki mwa Uingereza, mwaka 2016 na ukaenea hadi London. Mwanamke akihisi hatari anaenda kaunta anaulizia "Angela", na mhudumu anatakiwa kujua kwamba huyu anahitaji msaada, amtoe kwa siri au amwitie teksi. Wazo zuri mno, na bango lake lilikuwa limebandikwa chooni kwa wanawake. Mtu alikuwa amekuja kukaa mezani kwangu bila kukaribishwa na hataki kuondoka. Nikaenda kaunta nikauliza, Angela yupo? Kijana akaniangalia, akamgeukia mwenzake akauliza kwa sauti kama kuna Angela anayefanya kazi leo. Yule mtu akasikia yote. Bango limebandikwa ukutani na waliomo ndani hawajaelezwa linahusu nini! Hapo ni afadhali lisingekuwepo kabisa, maana nililitegemea.

Kuna ndugu ameshaandika hapo chini kwamba ningekwenda na mwenzangu yote haya yasingenipata. Kaka, nimekusoma na nitakujibu kwa heshima. Ungekuwa wewe umekwenda peke yako, nani angekuuliza mara mbili kama kuna mtu anakuja kulala na wewe? Nani angekufuata toka kwenye mti hadi dukani? Unachoniambia ni kwamba nimtafute mlinzi ndipo nihesabiwe kuwa mteja. Mimi nimelipa. Anayelipa ana haki ya huduma, awe mmoja, awe na ukoo mzima.

Mwingine amesema nilipaswa kujua mambo yanafungwa. Najua na nilijua. Najua majumba makubwa ya makumbusho na sanaa, British Museum, National Gallery na Tate, hufungwa tarehe 24 hadi 26. Najua kuna sheria ya mwaka 2004 inayozuia maduka yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 280 kufunguliwa siku ya Krismasi, na ndiyo maana vile viduka vidogo vya mitaani ndivyo vilivyonipa chakula. Kujua kwangu hakumpi mtu ruhusa ya kunitoza viti viwili.

Na msidhani sikuona zuri. Asubuhi ya tarehe 25 nilitembea kwa miguu hadi Hyde Park. Bustani ziko wazi, mitaa imetulia, na pale kwenye ziwa la Serpentine watu wanaogelea kwenye maji ya baridi kali, mashindano yaliyoanza mwaka 1864. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitazama kando yangu alinimiminia chai ya chupa yake bila kuniuliza niko na nani. Makanisa makubwa, St Paul's na Westminster Abbey, yana ibada siku hiyo na huhitaji kulipa kiingilio kwenda kusali. Hayo yote ni ya bure. Waliopokea pesa yangu ndio walionidhalilisha.

Kwa mnaokwenda Desemba ijayo: kabla hujalipa hoteli, waandikie uwaulize chumba kiko ghorofa ya ngapi, mlango una komeo la ndani, na utafikaje katikati ya jiji tarehe 25 kwa miguu. Wakijibu kwa kuzunguka, acha. Ukifika, waambie kabla hawajafungua mdomo kwamba namba ya chumba isitajwe kwa sauti. Ukisumbuliwa ndani ya treni, polisi wa reli wanapokea meseji kwa namba 61016, na dharura yoyote ni 999. Safari ya kwenda uwanja wa ndege tarehe 25 agiza mapema sana, tena kwa kampuni yenye leseni.

Malalamiko yangu kwa hoteli nimeyatuma kwa maandishi pamoja na picha ya komeo. Wamejibu kwa barua ya kuomba radhi "kama nilijisikia vibaya". Nimewarudishia, nimewaambia sikujisikia vibaya, nilihatarishwa, na nataka kujua wamebadilisha nini pale mapokezi. Nikijibiwa nitaweka hapa.

Na wewe dada unayeijua London, kama kuna mkahawa uliokupokea peke yako mchana wa tarehe 25 bila kukulipisha kiti cha mtu asiyekuwepo, uandike hapa jina lake na mtaa wake. Useme pia walikupa meza gani, ya dirishani au ile ya karibu na mlango wa choo.