Kwa nini Kibo ya Moshi na Castle ya Thika zilifungwa mwaka mmoja?

Msoma Lebo (Moshi)

Ndugu zangu, salaam. Wiki iliyopita tulikuwa tukihamisha vitu vya marehemu baba mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na baa ndogo karibu na stendi, na nyuma ya kabati tukakuta kreti lenye chupa tupu, baadhi bado zikiwa na lebo ya Kibo Gold. Vijana wanalifahamu jina hilo kwa sababu lilirudi sokoni chini ya Serengeti Breweries, lakini sisi tuliokulia hapa tunakumbuka kwamba Kibo ilikuwa kiwanda cha bia cha hapa mjini kabla haijawa jina juu ya chupa ya kampuni nyingine. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2002. Wakubwa walituambia kwamba soko limekuwa baya, nasi tukaridhika na jibu hilo. Sasa nasoma kwamba mwaka huohuo kiwanda cha Castle kilichokuwa Thika, nchini Kenya, nacho kilifungwa, na kwamba kufungwa kwa viwanda hivyo viwili lilikuwa jambo moja. Naomba mwenye ufahamu anieleze makubaliano yale yalikuwa yapi. Pia, je, katika ukanda wetu huu kuna bia ambayo mtu anaweza kuiita ya kwetu bila kujidanganya? Mjadala wa halali na haramu tafadhali tusiuingize, maana una uzi wake.

Mstaafu wa Ilala

Mkuu, pole kwa msiba. Ili ulielewe jambo la mwaka 2002 ni lazima urudi nyuma, kwa sababu kampuni zinazohusika zilikuwa ndugu kabla hazijawa mahasimu. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na walowezi, wakiwamo ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka 1923, na ndiyo sababu Tusker ina tembo kwenye lebo hadi leo. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933, na haukupita muda mrefu kikanunuliwa na wale wa Nairobi, hata mwaka 1936 ikaundwa East African Breweries. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani tulikuwa na bia yetu kisha mabepari wakaja kuitwaa anasahau kwamba kiwanda chetu cha kwanza kilimezwa kikiwa bado kichanga.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 umiliki ulihamia serikalini kwa hatua, na udugu na Nairobi ukakatika. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ya 1980, ambapo kupata kreti la bia kwa ajili ya harusi kulihitaji kibali au mjomba anayefahamiana na mtu wa ghala. Mwaka 1993 Serikali iliuza nusu ya hisa za Tanzania Breweries kwa South African Breweries, na hapo ndipo ushindani ulipoanza kwa kweli. Wakenya, ambao hawakupenda kuona soko lao la zamani likishikwa na mgeni, waliingia tena kupitia Kibo, hapo Moshi. Wale wa Afrika Kusini nao walijibu kwa kufungua kiwanda Thika mwaka 1998, hatua chache tu kutoka Ruaraka yalipo makao ya Tusker. Kila mmoja akawa amejenga kibanda uani kwa mwenzake.

Vita hivyo viliwagharimu wote wawili. Mwaka 2002 walikaa mezani, Kibo ikafungwa, Thika ikafungwa, na kila upande ukapewa asilimia 20 ya biashara ya mwenzake: Nairobi wakapata asilimia 20 ya Tanzania Breweries, na wale wa Afrika Kusini, ambao mwaka huohuo walinunua Miller ya Marekani na kuanza kuitwa SABMiller, wakapata asilimia 20 ya Kenya Breweries. Bia za kila mmoja ziliendelea kupikwa na mwenzake kwa leseni. Soko halikuwa baya, ndugu yangu. Liligawanywa.

Mkaaji wa Thika

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, nami nitaongeza jinsi jambo hilo lilivyoonekana kutoka upande huu. Kilichowachanganya watu ni kwamba Castle yenyewe haikutoweka. Ilibaki kwenye rafu za baa kama kawaida, ila sasa ilikuwa ikipikwa na yuleyule aliyekuwa akishindana nayo, kwa hiyo mnywaji aliyeagiza chupa yake jioni hakuona badiliko lolote. Tofauti aliiona mfanyakazi wa kiwanda, na dereva wa lori, na mama aliyepikia wafanyakazi chakula cha mchana nje ya lango. Mwenye baa pia aliiona, ingawa ilimchukua muda. Panapokuwa na kampuni mbili zinazogombea ukuta wako, utapakwa rangi bure, utapewa jokofu na viti, na deni lako litavumiliwa hadi mwisho wa mwezi. Inapobaki moja, wewe ndiwe unayeibembeleza.

Fundi Kimea

Naomba kupinga kidogo, si kwa sababu nina mapenzi na kampuni kubwa, bali kwa sababu nimefanya kazi ndani ya viwanda vya bia na nafahamu jinsi hesabu zake zinavyokwenda. Matangi, boila, majokofu na mtambo wa kujaza chupa vinagharimu karibu fedha ileile iwe unapika kwa uwezo wote au kwa nusu yake, hivyo kiwanda kinachoendeshwa nusu kinakula faida ya kile kilichojaa. Tazameni ramani. Moshi iko kilomita 80 hivi kutoka Arusha, ambako Tanzania Breweries ilikuwa tayari na kiwanda, na Thika imeunganishwa na Ruaraka kwa barabara moja tu. Hata kama vyote vinne vingekuwa mali ya mtu mmoja mwenye huruma, sidhani kama angeviacha vyote vifanye kazi.

Hata hivyo hoja yangu hiyo ina mpaka, na ni vizuri niuseme mwenyewe kabla hamjanisuta. Bia kwa sehemu kubwa ni maji, na chupa ya kioo ni nzito, tena inapaswa kurudi kiwandani ikiwa tupu ili ioshwe na kujazwa upya. Kila kilomita hulipiwa mara mbili. Ndiyo maana Tanzania Breweries ina viwanda Mwanza na Mbeya badala ya kupika kila kitu Dar es Salaam. Kwa hiyo kufunga kiwanda cha mkoani si kila mara kunapunguza gharama. Nyingine huhamishiwa barabarani tu, na anayezilipa ni mnywaji wa mbali. Kama Kibo ingekuwa Kigoma, nadhani ingepona.

Tena si kila kiwanda hufa mikononi mwa mnunuzi. Keroche ya Naivasha ilianzishwa mwaka 1997, ikathubutu kutoa bia yake ya Summit mwaka 2008 dhidi ya jitu lililokuwa limeshika karibu soko zima la Kenya, na mwaka 2022 milango yake ilifungwa na mamlaka ya kodi kwa madai ya malimbikizo. Sizungumzii nani alikuwa na haki katika mgogoro ule. Ninachosema ni kwamba kodi ya bia hudaiwa mapema na kwa fedha taslimu, na mwenye mtaji mdogo hana pa kujifichia.

Msoma Lebo

Nawashukuru sana. Kuna jambo moja bado linanisumbua. Ikiwa kila mmoja alipewa hisa kwa mwenzake ili wasishindane, imekuwaje leo wanashindana tena, na Serengeti ina kiwanda hapahapa Moshi?

Mstaafu wa Ilala

Kwa sababu ndoa ile ilivunjika mara tu ilipoacha kulipa. Mwaka 2010 East African Breweries, yaani wale wa Nairobi, ilinunua asilimia 51 ya Serengeti, kampuni iliyokuwa ikiendeshwa na wawekezaji wa hapa nchini na ambayo ilikuwa imeanza kuinyima Tanzania Breweries usingizi. Tume ya Ushindani haikuweza kukubali kampuni moja iwe na mguu katika viwanda vyote viwili, kwa hiyo ile asilimia 20 yao ya Tanzania Breweries iliuzwa mwaka 2011 kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwaka huohuo wale wa Nairobi wakainunua tena ile asilimia 20 ya Kenya Breweries kwa takriban shilingi bilioni 19.5 za Kenya. Kila upande ukawa umetoka kwenye hisa za mwenzake, tena kwa bei nzuri. Kazi za Moshi na Thika hazikuwa kwenye mkataba wa kurudishwa.

Kuhusu swali lako la pili, nitakupa majina tu, hukumu uitoe mwenyewe. Oktoba 2016 SABMiller ilimezwa na AB InBev, yenye makao yake Leuven, Ubelgiji, na ikaenda na Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi, pamoja na Nile Special ya Jinja. Upande wa pili, Diageo ya Uingereza iliongeza umiliki wake katika East African Breweries hadi asilimia 65 mwaka 2023, kisha Desemba 2025 ikatangaza makubaliano ya kuziuza hisa hizo kwa Asahi ya Japani. Mlima wako, mkuu, unamilikiwa Ubelgiji, na tembo wa Wakenya ameandikiwa safari ya Tokyo.

Mkulima wa Mtama

Nimesoma yote kwa makini, na naona mmeitafuta bia ya kwetu mahali pasipofaa, yaani kwenye daftari la wanahisa. Mimi nalima mtama upande wa Siaya, na kwangu swali ni nafaka imetoka wapi. Mwaka uleule wa 2002 mnaouombolezea, kampuni ya Nile kule Uganda ilianza kuuza Eagle, bia ya mtama wa mbegu ya Epuripur uliolimwa na wakulima wa huko, kwa sababu serikali ilikubali kuitoza kodi ndogo. Kenya ikafuata na Senator mwaka 2004, kwa nia ya kuwavuta watu kutoka kwenye pombe za sumu. Mwenye hisa alikuwa mgeni katika visa vyote viwili, lakini fedha za gunia zilibaki kijijini.

Nakubali kwamba usalama huo ni mwembamba. Mwaka 2013 serikali yetu ilipoirudishia Senator nusu ya ushuru, mauzo yaliporomoka, na sisi tuliokuwa tumepanda kwa kutegemea mkataba tulibaki na magunia ambayo hayakuwa na mnunuzi mwingine, kwani mtama ule haupendwi sana kwenye ugali. Nafuu ilirejeshwa baadaye, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu, ambacho kilikuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa upya kwa gharama ya shilingi bilioni 15 ili kupika Senator. Kilifungwa kwa uamuzi wa watu wa mbali na kikafunguliwa kwa uamuzi wa watu wa mbali, hilo silibishi. Ila safari hii walikuja kwa sababu mtama ulikuwa huku na wanywaji walikuwa huku, wakati Moshi ya mwaka 2002, kwa jinsi Fundi alivyoeleza, haikuwa na kitu ambacho Arusha ilikikosa.

Msoma Lebo

Mkulima, hapo kwenye mtama umenifikirisha, ingawa hiyo sentensi yako ya mwisho imeniuma kama mtu wa Moshi. Shayiri hulimwa West Kilimanjaro, mlimani kabisa, na maji ya mlima hayahitaji kusifiwa. Kama yupo aliyewahi kufanya kazi pale Kibo, naomba atueleze kimea chao walikitoa wapi, maana lebo nilizonazo zimeliwa na unyevu kuanzia chini, na sehemu iliyobaki ina jina na picha ya kilele tu.