Kubadili spika na redio ya Celica ya 1996: nianze na nini?

Mkazi wa Njiro

Habari za jioni wakuu. Ninayo Toyota Celica ST202 ya mwaka 1996. Injini na bodi yake viko vizuri, lakini upande wa muziki imebaki kama ilivyotoka Japani: redio ya kaseti, na spika za milango ambazo sponji inayozunguka koni imekatika, kiasi kwamba besi kidogo tu inazifanya zikorome. Fundi mmoja wa hapa Arusha mjini amenishauri niziache spika hizo, nifunge sabufa ya inchi 12 kwenye buti pamoja na amplifaya ambayo boksi lake limeandikwa wati 2,000. Mimi sitafuti kelele za kusikika hadi Kijenge. Ninataka nikiwa njiani kwenda Moshi nisikie maneno ya mwimbaji na gitaa bila kuumia masikio. Nitanunua kwa awamu. Je, nianze na spika, redio au amplifaya, na je, alternata (inayochaji betri injini ikiwaka) ya gari la umri huu itahimili?

Lehemu

Ndugu, kabla ya kumjibu fundi wako, igeuze hiyo amplifaya utazame fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Ikiwa ina fyuzi moja ya ampea 25, basi umeme unaoweza kuingia ndani yake mfululizo injini ikiwa inawaka, kwa volti 13.8, ni wati 345, na sehemu ya huo hugeuka joto kabla ya kufika kwenye spika. Hizo wati 2,000 ni za boksi. Namba ya kutafuta ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaitoa bila kukatika. Hata redio mpya inayotangazwa kuwa ya wati 50 mara nne kwa kawaida hutoa wati 15 hadi 22 kwa kila spika, nazo zinatosha ikiwa spika zenyewe zina usikivu mzuri, yaani zinatoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo spika yenye usikivu wa desibeli 92 inayoendeshwa na redio peke yake itasikika zaidi kuliko ya desibeli 88 iliyopewa nguvu mara mbili yake.

Anza na milango ya mbele. Fungua paneli, shusha kioo hadi mwisho, ndipo upime kina, kwa sababu sumaku za spika nyingi za kisasa ni nene kuliko za asili na zinaweza kugusa kioo. Nafasi ikiwa ndogo, weka ringi ya kuinua spika. Ukichonga ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ipake vanishi pande zote, maana ikilowa huvimba na kuachia skrubu. Kisha bandika shuka za butili (raba nzito ya kuzuia mtetemo) kwenye bati, na uzibe yale matundu makubwa ya bati la ndani, kwa kuwa sauti inayotoka nyuma ya koni ikipata njia ya kurudi mbele huifuta besi, na mtu huanza kutafuta sabufa wakati tatizo ni tundu la mlango. Vitundu vya chini kabisa ya mlango usiviguse. Mlango wa gari umeundwa kupokea maji ya mvua yanayopita pembeni ya kioo na kuyatoa hapo. Ile nailoni iliyogundishwa nyuma ya paneli nayo irudishwe mahali pake. Mafundi wengi huitupa, na masika yakifika kapeti inalowa huku mwenye gari akilaumu raba za milango.

Mzee wa Kaseti

Naafiki kuhusu milango. Kuhusu redio, ningemwomba asiiondoe. Celica iliyobaki na dashibodi yake kamili ni chache, na redio za skrini zinazowaka kama duka la simu usiku zinaiharibu sura. Spika mpya za omu 4 zinaweza kuendeshwa na redio ya asili, ilimradi gari halikutoka na amplifaya ya kiwandani.

Shanty Town, Moshi

Mzee, kwa sura uko sahihi, ila kuna suala la masafa. Redio ya Japani ya miaka hiyo hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, ilhali stesheni zetu zimesambaa hadi 108. Ukifunga kile kipanua masafa kinachosogeza mawimbi kwa 20 MHz, redio ileile itapata 96 hadi 110, na stesheni zilizo kati ya 90 na 96 zinapotea. Isitoshe, kwenye maeneo yenye mawimbi hafifu mikwaruzo huongezeka. Akitaka redio mpya, aipime nafasi kwanza: Toyota nyingi za Kijapani zina upana wa milimita 200, ilhali redio za kawaida zina 180, kwa hiyo zitahitajika fremu za pembeni.

Asikubali soketi ya asili ikatwe. Adapta ya Toyota si ghali, na siku akiuza gari atairudisha redio yake. Kwenye nyaya za redio mpya, wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi; zikibadilishana nafasi, redio husahau stesheni kila ufunguo unapozimwa.

Mkazi wa Njiro

Ahsanteni sana. Redio ya asili nitaihifadhi ndani na kufunga mpya isiyo na skrini kubwa. Bado alternata, na kama sabufa ndogo inafaa.

Lehemu

Alternata usiikisie. Pima volti kwenye betri injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), taa kubwa, feni na kiyoyozi vikiwa vimewashwa. Ukipata 13.5 au zaidi, sabufa ya inchi 8 ya chini ya kiti yenye amplifaya yake ndani haitakusumbua. Ikishuka chini ya 13, shughulikia mkanda, brashi na nyaya za ethi (zinazounga hasi ya betri na bodi) kwanza. Ile ya inchi 12 itakunyang'anya buti, na kwenye gari la mlango wa nyuma kama hilo itatikisa kila plastiki.

Waya wa umeme wa sabufa utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi ndani ya sentimita 30 hivi kutoka hapo, na pale unapopenya bati upite ndani ya raba ya tundu, kamwe usipite kwenye bati tupu. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, hivyo itabidi uchukue mnene zaidi. Nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya) zipite upande mwingine wa gari, la sivyo unaweza kusikia mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta.