Naomba ushauri: Bakteria wawili kwenye utando mmoja, mmoja anapotea

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na utafiti wangu ni jinsi Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus wanavyojenga utando pamoja, ule ute unaoteleza kama wa ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa. Nimeichagua mada hii kwa sababu hawa wawili hukutwa pamoja kwenye vidonda sugu, na bakteria wakishajificha ndani ya utando, dawa huwa haziwafikii vizuri.

Naotesha kwenye pleti ya vishimo 96 kwa saa 24, naosha, napaka rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti, kisha nasoma ukolezi wa rangi hiyo kwenye mashine ili nijue utando ni mwingi kiasi gani. Kinachonisumbua ni kuosha. Jana nilimimina maji kwa pipeti nikaona kipande cha utando kinabanduka na kuelea, chembamba kama ngozi ya juu ya maziwa. Vishimo vitatu vya sampuli ileile vikatoa majibu matatu tofauti kabisa.

Halafu hiyo rangi inapaka kila kitu, wazima na wafu, wa jamii zote mbili. Nilipootesha kwenye agari ya manitoli na chumvi (chakula cha maabara cha kuotesha Staphylococcus) ili nimhesabu, nikakuta makoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, machache mno. Najua Pseudomonas hutoa sumu zinazomuua mwenzake.

Je, nimtangulize Staphylococcus kwa saa kadhaa? Na mnaoshaje bila kubandua? Nimebakiwa na wiki tano na pleti nne tu. Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie, tafadhali.